Kinga ya Magurudumu Matatu kwa Papa Bushiri

Ninyi mliobaki pale atelié, karakana yetu, mmeniomba niandike habari za miaka yangu ya kazi, tena mmeniomba mara nyingi mpaka nimeona kukataa kunachosha kuliko kuandika. Basi naandika. Vyeo sitavitaja, kwa sababu hatukuwa navyo: alikuwepo mmoja mwenye ufunguo wa mlango, na sisi wengine tulingoja afungue. Nitasimulia nilivyoingia, nani alinifundisha, na ile kazi moja iliyonionyesha kwamba kinga, hii baiskeli yetu tunayoitukana kila mnyororo unapokatika, inaweza kumrudisha mtu kwa mtu wake.

Niliingia kwa mlango wa kungoja. Baba yangu alikuwa na kinga ya kubebea mpunga kutoka shambani hadi soko la Kasongo, na kinga ile ilipenda kuharibika. Kila ilipoharibika, mimi ndiye niliyetumwa kukaa atelié mpaka itengenezwe. Fundi alikuwa Papa Bushiri, mtu mrefu, mkavu, mwenye sauti ya chini. Alikuwa akinyoosha mkono nyuma bila kugeuza kichwa, nami nikaanza kumpa funguo, yaani spana, aliyokuwa akiitafuta. Siku moja aligeuka.

"Wewe binti, baba yako anakutuma ungoje kinga ao ungoje bwana?"

"Kinga, Papa."

"Basi shika hapa."

Huo ndio mtihani wote niliofanya. Nilishika, na jioni baba alipata kinga yake, lakini hakunipata mimi. Nilirudi nyumbani kulala tu, na asubuhi nikaenda tena.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuosha minyororo kwa petroli. Ya pili ilikuwa kuosha minyororo ileile, kwa sababu nilikuwa sijaiosha vizuri. Baadaye akanipa gurudumu lililopinda, akaniketisha nalo. Ninyi mnajua namna rayo, vile vijiti vya chuma, vinavyovutana: ukikaza kimoja, mwenzake upande wa pili analalamika. Mimi nilikodoa macho kana kwamba gurudumu litaona haya na kunyooka lenyewe. Papa Bushiri akanifunika macho kwa kiganja chenye grisi. "Usitazame. Izungushe, halafu sikiliza. Gurudumu mbovu inasema." Nilisikiliza nikasikia kweli, kijisauti kama cha mtu anayenong'ona jina la mwizi. Uso wangu ulibaki na alama ya grisi hadi nyumbani, na mama alidhani nimepigwa.

Wateja walikuwa na maneno yao. Mvuvi mmoja wa Nyangwe alikuja na samaki kwenye portbagaji, kile kibebeo cha nyuma, na mpira wa nyuma umepasuka. Aliponiona naushika, akasema mwanamke hawezi kugusa kinga yake. Papa Bushiri hakubishana. "Sawa, kaa kivulini. Nikimaliza hizi zingine nitakuja kwako." Na hizo zingine zilikuwa nyingi. Jua lilipanda, samaki wakaanza kutoa harufu, na harufu ikamshauri yule bwana vizuri kuliko sisi. Mwishoni alisukuma kinga yake mbele yangu, akatazama pembeni. Tangu siku hiyo kila alipofika Kasongo aliulizia "mama fundi," na nilikuwa bado sijaolewa.

Lazima mjue Papa Bushiri alikuwa nani kabla ya kuwa fundi. Alikuwa mmoja wa wasukumaji wa barabara ya Kabambare. Malori yaliposhindwa na matope, wanaume wale ndio walioleta chumvi, sabuni na nguo, na kurudisha mawese na mchele. Kinga iliyobeba mzigo wa namna ile haipandwi. Inafungwa fimbo moja kwenye usukani na nyingine nyuma ya kiti, na mtu anatembea kando yake akiisukuma siku nzima. Uma wa mbele unaongezwa chuma, mzigo unafungwa kwa vipande vya mpira wa ndani, na kifua cha msukumaji ndicho mota.

Alisukuma na rafiki yake, Papa Léonard. Kwenye milima walisukuma kinga moja wawili mpaka juu, wakaiegemeza mtini, wakashuka kuichukua ya pili. Kwa hiyo kila mlima waliupanda mara mbili. Léonard alikuwa mtu wa misa na Bushiri mtu wa msikiti. Njiani mmoja aliposali, mwingine alilinda mizigo. Bushiri alisema sala za Léonard zilikuwa ndefu mno. Léonard alisema za Bushiri zilikuwa nyingi mno. Walibishana hivyo mpaka nywele zikawa nyeupe.

Kisha pikipiki zikaja. Vijana walikwenda Salamabila kwenye dhahabu, na waliobahatika walirudi na moto, ndivyo tunavyoiita pikipiki. Sisemi vibaya juu ya moto. Nimeona mwanamke mwenye uchungu akifikishwa hospitali kwa moto kabla mtoto hajaamua kuzaliwa njiani. Lakini atelié yetu ilipoa. Kinga zilining'inia ukutani kama popo, na vijana walipopita waliziita vyuma vya wazee.

Na wazee wenyewe? Magoti ya wasukumaji yalikuwa ya kwanza kukataa. Mji uliendelea kutanuka, na kila mvua ilichimba makorongo yaliyokata barabara za mitaa. Moto ilishuka korongoni na kupanda upande wa pili ikiruka kama mbuzi, na mzee aliyekaa nyuma alishuka akiwa ameapa asipande tena. Hapo basi mmoja hakuonekana tena sokoni. Mwingine akaanza kusali nyumbani. Hakuna aliyewafukuza. Mji uliongeza mwendo tu, wao wakabaki nyuma.

Papa Bushiri naye akafika hapo. Mara ya mwisho kuja atelié alitembea na fimbo mbili. Aliketi kwenye gogo lake, akatoa mfukoni ile funguo ndogo ya kukazia rayo, akaniwekea mkononi, akafunga vidole vyangu juu yake.  Mimi nilisema maneno mengi ya ovyo, kwa sababu nilijua nikinyamaza nitalia.

Nilikuwa nikimtembelea kila Ijumaa. Aliishi na mtoto wake wa kike, Mama Sifa, na mjukuu wake Kalume, kijana mwenye ndevu zake, motari, yaani dereva wa moto. Nyumba ile ilikuwa na ugonjwa. Kalume alipotaka moto, alikuwa amempa muuzaji kinga ya babu yake iwe sehemu ya bei, bila kumuuliza mwenyewe. Ilikuwa ileile kinga ya milima ya Kabambare. Tangu hapo babu na mjukuu hawakusemeshana. Walizungumza kupitia kwa Mama Sifa, hata wakiwa wamekaa mkeka mmoja.

"Mama, mwambie babu uji iko tayari."

"Sifa, mwambie mutoto wako nimesikia, siko kiziwi."

Mama Sifa aliniambia, "Dada Zamda, mimi nimekuwa simu, tena simu isiyozimwa."

Mwaka ule mvua ilikuwa mbaya. Barabara ya kuleta mafuta ilikatika, na essence, yaani petroli, ikakosekana mjini kabisa. Moto zote zilisimama zimeegemea kuta. Katika siku hizo mama mmoja wa kanisa alikuja kuziba tundu la mpira, akaniambia Papa Léonard ameshikwa na ugonjwa, hali chakula, amelala nyumbani kwake ng'ambo ya korongo kubwa.

"Kila siku anamuulizia Bushiri," alisema. "Tunamwambia yuko muzima. Hasadiki. Anasema, kama Bushiri angekuwa muzima angekuja."

Nilisimama na mpira mkononi. Ijumaa iliyotangulia Papa Bushiri alikuwa ameniambia karibu maneno hayohayo: Léonard lazima amekufa na watu wanamficha, maana kama angekuwa hai angekuja. Wazee wawili, mji mmoja, kila mmoja alikuwa akimwombolezea mwenzake aliye hai.

Nilikwenda nikamweleza. Aliokota fimbo zake. Halafu akasema, "Nipeleke."

"Tutatafuta vijana wanne, Papa. Wakubebe kwa kiti."

"Tipoyi? Nibebwe mabegani mwa watu kama muzungu ya zamani? Hapana. Afazali nife na Léonard afe."

Nilirudi atelié nikiwa na hasira, na hasira yangu siku zote imefanya kazi vizuri kuliko furaha yangu. Niliteremsha ukutani kinga mbili zilizokufa. Wazo lilikuwa rahisi: magurudumu mawili mbele, moja nyuma, kiti katikati ya yale ya mbele, na mwendeshaji nyuma. Mzee akae mbele, aone njia, asimkumbatie mtu kwa hofu. Kuchomelea hakukuwezekana, jenereta nayo ilikuwa na kiu kama moto. Tulitumia mhunzi, mkaa, bulonu, zile boliti za kukazia, na uvumilivu.

Hapo ndipo Kalume alipoingia, mikono mfukoni.

"Mama Zamda, iko kazi?"

"Iko. Lakini ni ya kinga."

"Hata ya kinga. Nimechoka kutazama moto imelala."

"Ni ya babu yako. Anataka kwenda kwa Léonard."

Alitazama vyuma chini, akatazama mlango. Nilidhani ataondoka. Akavua shati, akalitundika kwenye msumari.

Alifanya kazi vizuri, lazima niseme. Mwanzoni kinga yetu ya magurudumu matatu ilivuta kushoto kama ng'ombe mkaidi, akalala chini yake mpaka akajua kwa nini. Nilipomwambia kiti kitamvunja mzee mgongo kwenye mashimo, alikwenda nyumbani akarudi na springi mbili za nyuma za moto yake mwenyewe. "Si inalala tu," alisema. Nilimfundisha kusikiliza gurudumu. Siku moja, akiwa anapiga tupa, akasema bila kuniangalia, "Nilifikiri hataihitaji tena ile kinga. Magoti yake yalikuwa yamekwisha."

"Ulimuuliza?"

Tupa ikasimama. "Hapana," akasema, kisha ikaendelea, taratibu zaidi.

Asubuhi tulipoifikisha nyumbani, Mama Sifa alipiga vigelegele peke yake. Papa Bushiri alitoka na fimbo zake, akatazama.

"Siko gunia ya mpunga," alisema.

 Akaizunguka. Akagonga bulonu kwa fimbo. Akainama kwa shida, akainua upande mmoja kwa msaada wangu, akalizungusha gurudumu la mbele, akafumba macho. Sisi sote tulinyamaza. Hata kuku walikuwa na adabu.

"Sifa," alisema, "uliza ni nani alipima gurudumu hii."

Mama Sifa akafungua mdomo, lakini Kalume alitangulia. "Ni miye, babu."

Mzee hakufungua macho. Gurudumu lilizunguka mpaka likasimama lenyewe.

"Rayo moja iko legevu," alisema.

"Iko wapi?"

"Kuja hapa. Leta mukono yako."

Alishika kidole cha mjukuu wake, akakipitisha kwenye rayo, moja baada ya nyingine, mpaka walipoifikia. Nilitoa ile funguo ndogo nikampa Kalume. Aliikaza robo ya mzunguko. Babu akazungusha tena, akasikiliza, akaitikia kwa kichwa. Mama Sifa alikuwa ameingia ndani. Nilimsikia akipenga kamasi. Kazi yake ya simu ilikuwa imekwisha.

Mzee akapanda kitini, tukaondoka. Kalume akaelekea korongoni, njia ya moto. Babu akainua fimbo.

"Si huku. Kata kuume, nyuma ya wafyatua matofali, ufuate bonde ya mpunga."

"Huko hakuna njia, babu."

"Iko. Umepita juu yake mbio, haukuiona."

Ilikuwepo. Njia nyembamba, iliyopinda kufuata ubavu wa bonde, isiyopanda mlima inaoweza kuuzunguka. Kalume alimuuliza nani alimwonyesha. "Muzigo," mzee alisema. "Ukisukuma muzigo, utatafuta njia yenye huruma."

Mahali pamoja mfereji mpya ulikuwa umeikata. Wenzake Kalume, wamotari wasio na mafuta, walikuwa wametufuata kwa kucheka. Sasa waliacha kucheka, wakaleta magogo, wakatandika. Ulibaki mwinuko mmoja wa kupanda. Kalume aliukabili kwa mikono, akaishiwa pumzi katikati.

"Acha mikono! Weka kifua!" mzee alifoka kutoka kitini. "Uikate mulima kama nyoka, kushoto, kuume. Na ninyi wengine, munatazama sinema?"

Wakaja, wakasukuma, mzee akiwagombeza wote kwa furaha ambayo sikuwa nimeiona kwake kwa miaka.

Papa Léonard alikuwa amelala kitandani, uso ukutani. Chumba kilikuwa na giza.

"Ni nani?"

"Ni miye."

"Muongo. Bushiri amekufa."

"Ningekuwa nimekufa, ungesikia nikigombana na mutoto huyu tangu kule bondeni?"

Léonard aligeuka polepole. Alimtazama mtu aliyesimama kwa fimbo mbili mlangoni. Akanyoosha mkono, si kwenye mkono wa rafiki yake bali kwenye goti, akaligusa.

"Yamekwisha?"

"Yamekwisha."

"Yangu vilevile. Tuliyaacha kule Kabambare."

Wakaanza kucheka, kicheko kisicho na sauti, mabega tu yakitikisika, na machozi yakashuka humohumo. Kalume alitoka nje. Nilimkuta ameketi kwenye kiti cha babu yake, kati ya magurudumu mawili, amejifunika uso.  Jioni ile Léonard alikula wali na sombe, majani ya muhogo, akaomba kuongezwa.

Sikumaanisha kuanzisha kitu. Lakini kesho yake binti wa bibi mmoja alikuja kuuliza kama "kile kiti" kinaweza kumpeleka mama yake sokoni, si kununua, kuona tu. Kisha mwalimu mstaafu aliyetaka kwenda kusikiliza wanafunzi wakisoma. Tukaunda ya pili, na nyingine. Mafuta yaliporudi mjini na moto zikaanza kunguruma, niliogopa vijana watatukimbia. Kalume alirudisha springi kwenye moto yake, lakini akatafuta nyingine kwa ajili ya kinga ya babu. Ijumaa alimpeleka msikitini, Jumapili kwa Léonard. Wenzake walichukua siku zao. Wazee wakawa wanakaa mbele, wakionyesha kwa fimbo njia za zamani zilizofunikwa na majani, na vijana wakafanya salongo, kazi ya pamoja, wakafyeka, wakaweka magogo kwenye mifereji. Siku hizi watoto wa shule wanapita humo, na hata moto zinapita, kwa mwendo wa adabu.

Ninyi mlioshika kazi sasa, msisahau haya: kazeni bulonu kila baada ya mvua. Grisi kwenye mhimili wa mbele, si kidogo. Mzee asikae kabla hamjashika breki. Na msimfunge kwa kamba hata njia ikiwa mbaya, punguzeni mwendo. Tena akiongea, mjibuni. Safari nusu yake ni maneno.

Papa Bushiri alifariki kabla ya mimi kuacha kazi, asubuhi, baada ya uji, mkono wa Kalume ukiwa chini ya kichwa chake. Tulimzika siku hiyohiyo, kama dini inavyotaka. Jeneza lilibebwa mabegani, na hapo hakuna aliyeona ubaya. Kalume alibeba upande wa mbele mpaka makaburini, kisha akampa mwingine nafasi, akatoweka. Watu walinung'unika: mjukuu gani anaondoka kabla ya udongo? Mimi pia nilitazama huku na huku.

Tulikuwa tumeanza kushika majembe tulipoiona kinga ya magurudumu matatu inakuja kwenye njia ya bonde. Kalume alikuwa akisukuma kwa kifua, jasho linamtiririka, na mbele yake, amevaa koti la Jumapili, alikuwa Papa Léonard, ambaye hakuwa ametoka nyumbani kwake tangu alipougua. Imamu aliwaambia watu wapishe. Kalume alisogeza kinga hadi ukingoni, akashika breki. Léonard aliomba udongo. Kalume aliweka kidogo kiganjani mwake, akamshika mkono, wakautupa pamoja.

"Tangulia," Léonard alisema. "Pumzika kule juu kwenye muti. Nitakuja na kinga yangu."

Mazishi yalipokwisha Kalume alitaka kumrudisha kwa njia fupi, maana mzee alikuwa amechoka. Léonard alikataa.

"Nizungushe muji," alisema. "Sijauona kwa muda murefu. Babu yako alikuwa akinisimulia tu."

Wakaenda polepole, nami nikawafuata kwa kinga yangu. Sokoni watu walisimama kumpa mkono. Mzee alielekeza fimbo kwenye nyumba na kuuliza nani anakaa pale sasa, na Kalume alimjibu. Pale Kalume alipoonyesha mti au ukuta na kuuliza palikuwa na nini zamani, Léonard alimweleza, na mara nyingi ndani ya maelezo lilikuwemo jina la Bushiri: hapa alianguka na bidoni, lile dumu la mawese, hapa alimwona bibi yako mara ya kwanza akaisahau breki. Nilimsikia Kalume akicheka, akiwa bado na udongo wa kaburi kwenye suruali.

Nilifika kwenye kona ya nyumbani kwangu. Nilikuwa na njaa, miguu iliniuma, na wageni wa msiba walikuwa wakiningoja. Sikukata kona. Niliendelea kuwafuata, nikikanyaga pedali taratibu, karibu vya kutosha kusikia.